Asbesto Mbele ya Moto: Historia ya Jiwe Lililosemekana Halibadiliki

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili asbesto ilisifiwa kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni kwamba moto hauiwezi. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli kwa kiasi chake, kwa kuwa jiwe hili, ambalo huchambuliwa kama pamba na kusokotwa kuwa uzi, halina kaboni ya kushika moto wala halitoi mwali. Lakini ndani ya sifa hiyo mlijificha dhana nyingine isiyokuwa ya kweli, kwamba kisichoungua ni kisichobadilika. Tangu wafumaji wa Ugiriki ya kale mpaka matanuri ya siku hizi yanayojengwa kwa nia ya kuiangamiza, historia ya asbesto ni kwa sehemu kubwa historia ya namna dhana hizo mbili zilivyotenganishwa polepole, kwanza kwa mizani, kisha kwa vidole vya mkemia, na baadaye sana kwa eksirei.

Asbesto si madini ya aina moja. Ni jina la kibiashara linalojumuisha aina sita za silikati, yaani madini yaliyojengwa hasa kwa silikoni na oksijeni, ambazo hukua ardhini katika umbo la nyuzi nyembamba mno. Aina ya kwanza ni krisotili, au asbesto nyeupe, iliyo ya kundi la serpentini, na ndiyo iliyobeba sehemu kubwa kabisa ya biashara ya dunia katika karne ya 20. Aina tano zilizobaki ni za kundi la amfiboli: krosidolaiti au asbesto ya bluu, amosaiti au asbesto ya kahawia, antofilaiti, tremolaiti na aktinolaiti. Mbele ya moto, tofauti kubwa ya makundi haya mawili ni maji. Krisotili safi ina maji yanayokaribia asilimia 13 ya uzito wake, ilhali amfiboli zina takriban asilimia 2 tu. Maji hayo si unyevu wa kukauka juani; yamo katika umbo la haidroksili, yaani atomi moja ya oksijeni iliyoshikana na moja ya haidrojeni, na yamefungwa ndani ya fuwele yenyewe kama sehemu ya jengo lake. Kuyatoa ni kulibomoa jengo.

Watu wa kwanza wanaojulikana kuiweka asbesto motoni kwa makusudi hawakuwa wafumaji bali wafinyanzi. Mashariki mwa Finland, hasa katika eneo la Ziwa Saimaa, milenia kadhaa kabla ya Kristo, udongo wa vyungu ulichanganywa na nyuzi za antofilaiti zilizookotwa katika miamba ya jirani, na mchanganyiko huo uliwezesha chungu kikubwa kufinyangwa kwa kuta nyembamba bila kupasuka. Vyungu hivyo vilichomwa kwa moto wa kuni, ambao kwa kawaida haupandi sana juu ya digrii 800 au 900 za sentigredi, na antofilaiti huanza kuvunjika kwenye joto la juu zaidi ya hapo. Ndiyo maana vigae vinavyochimbuliwa na wanaakiolojia bado vina nyuzi za asbesto halisi: moto wa mfinyanzi uliugeuza udongo kuwa kitu kipya, lakini uliziacha nyuzi zilivyokuwa. Mtu wa zama hizo aliyesema kwamba jiwe hilo halibadiliki motoni alikuwa sahihi kabisa kwa moto alioufahamu.

Katika ulimwengu wa Bahari ya Kati sifa ilihamia kwenye kitambaa. Mwanajiografia Strabo alieleza kuhusu jiwe la Karystos, katika kisiwa cha Euboea nchini Ugiriki, lililochanwa na kufumwa kuwa taulo ambazo zikichafuka hutupwa motoni zikasafika. Naye Plinio Mzee wa Roma aliandika juu ya sanda za wafalme zilizotenga majivu ya maiti na majivu ya kuni. Katika karne ya 10 mwanajiografia Mwarabu al-Muqaddasi aliitaja Badakhshan, katika milima ya Asia ya Kati, kuwa nchi inakotoka jiwe la tambi, yaani asbesto iliyotumika kwenye taa kwa sababu hunyonya mafuta bila yenyewe kuteketea. Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13, aliwacheka waliosema kwamba kitambaa hicho ni ngozi ya mnyama aishiye motoni, akaeleza kwamba hutoka mlimani, hupondwa, huoshwa na kusokotwa, kisha hufanywa cheupe kwa kutiwa motoni. Katika masimulizi haya yote moto ni sabuni: unakula mafuta na uchafu, unaliacha jiwe. Hakuna hata mmoja kati ya waandishi hao anayesema taulo iliweza kufuliwa hivyo mara ngapi kabla haijaanza kukatika, na swali hilo ndilo ambalo fundi wa leo angeuliza kwanza.

Jibu lilianza kupatikana London katika karne ya 17, katika majaribio mawili yaliyofanywa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, na ambayo kamusi elezo za karne iliyofuata ziliyanakili tena na tena. Kipande cha kitambaa cha asbesto chenye urefu wa inchi 12, upana wa inchi 6 na uzito wa aunsi moja na nusu kiliwekwa katika moto mkali kwa dakika kadhaa, kikatolewa kikiwa chekundu kwa joto, na kikalazwa juu ya karatasi nyeupe bila kuidhuru. Kwa watazamaji wengi huo ulikuwa ushindi wa jiwe. Lakini kitambaa kilipimwa kwenye mizani kabla na baada, na katika majaribio yote mawili kilionekana kimepungua uzito wa dramu moja, kipimo kidogo cha Kiingereza ambacho ni moja ya nane ya aunsi katika vipimo vya wauza dawa na moja ya kumi na sita katika vipimo vya kawaida vya biashara. Upungufu huo, wowote utakaochukuliwa kati ya vipimo hivyo viwili, ni mkubwa mno kuelezwa kwa vumbi au jasho la mikono pekee. Kitu fulani kilikuwa kimetoka ndani ya jiwe, nacho kiliendelea kutoka safari ya pili. Ripoti ziliutaja upungufu huo kama kasoro ndogo ya kitambaa cha ajabu, zikapita. Kemia ya wakati huo haikuwa na lugha ya kusema zaidi.

Biashara kubwa ilipoanza, maarifa ya moto yalitoka migodini. Krisotili iligunduliwa kwa wingi Thetford, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, mwaka 1876, na katika miaka michache migodi ya eneo hilo ikaanza kulisha viwanda vya injini za mvuke vilivyohitaji kamba, vitambaa na vizibo vinavyostahimili joto. Wanunuzi walilipa bei kwa kufuata urefu na ulaini wa uzi, na hapo likatokea fumbo: mishipa miwili ya mwamba uleule ingeweza kutoa mmoja uzi laini kama hariri na mwingine uzi mkavu unaokatika, usiofaa kusokotwa. Mkemia J. T. Donald wa Montreal alizichunguza nyuzi za aina zote mbili mwishoni mwa karne ya 19, akakuta kwamba zile laini zilikuwa na maji ya takriban asilimia 14 na zile kavu zilikuwa na maji pungufu. Kisha akafanya jaribio ambalo yeyote mwenye jiko angeweza kulirudia: uzi bora ukipashwa moto kiasi cha kufukuza sehemu ya maji yake, huwa mkavu hivi kwamba unasagika kati ya kidole gumba na cha shahada. Donald alihitimisha kwamba uzi mkavu wa mgodini huenda nao ulikutana na joto la ardhini na kupoteza maji. Hitimisho hilo la mwisho laweza kujadiliwa, lakini jaribio lenyewe lilikuwa limekwisha kuonyesha kikomo cha sifa ya kale. Asbesto haikuungua, na bado moto uliiharibu.

Jiolojia ya Quebec inatia uzito jambo hili. Miamba inayobeba krisotili ilianza kama peridotiti, mwamba mzito wa chini ya sakafu ya bahari ambao madini yake makuu ni olivini, silikati ya magnesi na chuma isiyo na maji. Maji ya moto yalipopenya katika nyufa za mwamba huo, olivini iliyanywa, ikageuka kuwa serpentini, na mahali penye nafasi na mkazo unaofaa serpentini ikaota kama nyuzi. Asbesto nyeupe, kwa maneno mengine, ni olivini iliyokunywa maji. Maabara za karne ya 20 zilithibitisha kwamba moto unairudisha nyuma njia hiyohiyo, kwa kuwa madini yanayobaki baada ya krisotili kuchomwa vya kutosha ni forsteraiti, ambayo ni olivini ya magnesi tupu.

Ili kulisema hilo kwa uhakika ilibidi vyombo vitatu vipatikane. Cha kwanza kilitoka kwa Henry Le Chatelier wa Ufaransa, ambaye mwaka 1887 alipasha udongo wa mfinyanzi huku akifuatilia mwendo wa joto lake kwa kipimajoto cha umeme, akaona kwamba udongo husita kupanda joto pale unapotoa maji na huruka ghafla pale madini mapya yanapozaliwa. Cha pili ni eksirei, ambazo kuanzia mwaka 1912 zilitumika kusoma mpangilio wa atomi ndani ya fuwele. Mwaka 1930 B. E. Warren na W. L. Bragg walichapisha maelezo ya krisotili, na kwa kuwa ni uzi, walidhani imejengwa kwa minyororo mirefu ya silika kama amfiboli. Dhana hiyo ilikuwa ya busara lakini haikudumu. Warren mwenyewe, akishirikiana na mwenzake, aliirekebisha mwaka 1941 na kukubali kwamba jengo ni la matabaka, kama karatasi. Karatasi inakuwaje uzi? Linus Pauling wa Marekani alikuwa amekwisha kuigusa sababu mwaka huohuo wa 1930: tabaka la magnesi na haidroksili ni pana kidogo kuliko tabaka la silika lililoshikamana nalo, na vitu viwili visivyolingana vikigandishwa pamoja hujikunja. Chombo cha tatu, hadubini ya elektroni, kilimaliza shaka mwaka 1950, Bates, Sand na Mink walipotoa picha za fuwele za krisotili zikiwa neli ndogo zenye tundu katikati, tabaka la magnesi likiwa upande wa nje. Upana wa neli ya kawaida ni takriban sehemu 25 za bilioni za mita, hivyo uzi mmoja unaoonekana kwa macho ni mkusanyiko wa neli nyingi mno zilizolala sambamba.

Vyombo hivyo vilipowekwa pamoja, safari ya krisotili motoni iliweza kusimuliwa hatua kwa hatua. Joto likiwa karibu na digrii 100, unyevu uliojishika juu ya nyuzi hutoka, na hapo hakuna lililobadilika. Kuanzia takriban digrii 600, na kwa kasi zaidi kadiri digrii 700 zinavyopita, haidroksili za jirani huungana mbili mbili, zikatoa molekuli ya maji na kuacha oksijeni moja nyuma. Tendo hili huitwa uondoaji wa haidroksili, na ndilo linalolifanya jengo liporomoke, kwa kuwa tabaka la magnesi limepoteza kilicholishikilia. Kwa muda madini huwa hayana mpangilio unaosomeka vizuri kwa eksirei. Kisha, joto likikaribia au kupita digrii 800, huja ule mruko aliouona Le Chatelier katika udongo: joto hutolewa badala ya kumezwa, na chembe za forsteraiti zinajitokeza, zikiacha silika ya ziada. Kutoka kila sehemu mbili za krisotili hupatikana sehemu tatu za forsteraiti, moja ya silika na nne za maji. Moto ukizidi digrii 1000, silika hiyo hujiunga na sehemu ya forsteraiti kuzaa enstataiti, silikati nyingine ya magnesi isiyo na maji. Viwango hivi si mipaka ya ukuta, kwa sababu muda nao ni kipimo: joto la chini kidogo likikaa saa nyingi hufanya kazi ambayo joto la juu lingeifanya kwa dakika.

G. W. Brindley na J. Zussman, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1957, walionyesha jambo linalofanya historia hii yote ieleweke. Forsteraiti haizaliwi ovyo. Fuwele zake hupangika kwa kufuata mwelekeo wa serpentini iliyokufa, kwa kuwa sehemu kubwa ya atomi za oksijeni hubaki karibu na pale zilipokuwa huku magnesi na silikoni zikihama kati yao. Matokeo yake ni kwamba uzi uliochomwa waweza kubaki na umbo la uzi, urefu uleule na unene uleule, hali ndani yake si krisotili tena bali ni msururu wa chembe za forsteraiti zilizoshikana kwa udhaifu. Jicho linaona asbesto. Kidole kinakuta unga. Taulo za Karystos, kama zilikaa motoni kupita kiasi, zilitoka zikiwa nyeupe na zenye sura njema, na ndiyo maana sifa yao ilidumu kuliko zilivyodumu zenyewe.

Amfiboli zilifuata njia nyingine. Asbesto ya bluu ilichimbwa Afrika Kusini, katika ukanda wa Prieska, Koegas na Kuruman, ambako kampuni ya Cape Asbestos iliundwa mwaka 1893, na jengo lake ni minyororo miwilimiwili ya silika iliyofungwa pamoja kwa chuma na sodiamu. Mwaka 1965 A. A. Hodgson, A. G. Freeman na H. F. W. Taylor walichapisha uchunguzi wa krosidolaiti ya Koegas, na humo chuma ndicho mhusika mkuu. Ikipashwa hewani, kwenye digrii mia tatu hadi mia nne na ushei, haidrojeni hutoka peke yake, ikachukuliwa na oksijeni ya hewa, na chuma kilichomo hulipa gharama kwa kupoteza elektroni, yaani kinapata kutu ndani ya fuwele bila jengo kuanguka. Rangi ya bluu huyeyukia kwenye kahawia. Pasipo hewa, mambo huchelewa mpaka kati ya digrii 500 na 700, na maji ndiyo yanayotoka. Uharibifu kamili huja joto linapofika karibu na digrii 900 au zaidi, ambapo hubaki hematiti, yaani oksidi nyekundu ya chuma, pamoja na silikati ya sodiamu na chuma na aina ya silika iitwayo kristobalaiti. Mabadiliko ya rangi yameacha athari katika kazi ya kila siku ya maabara: mtaalamu anayeitambua asbesto kwa hadubini ya mwanga hutegemea rangi na namna uzi unavyopinda mwanga, na krosidolaiti iliyotoka kwenye boila au jengo lililoungua huweza kumpotosha, kwa sababu bado ni asbesto ilhali haina tena dalili za asbesto ya bluu.

Ujuzi huu ulibaki wa wataalamu wa madini mpaka suala la afya lilipoulazimisha kutoka maabara. Daktari W. E. Cooke wa Uingereza aliandika mwaka 1924 kuhusu mapafu ya mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto aliyefariki, na mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake wawili waliripoti wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, wengi wao wakiwa na uhusiano na uwanja wa asbesto ya bluu wa eneo la Rasi (Cape), Afrika Kusini. Ikawa lazima kuuliza ni nyuzi gani hasa zinazofika hewani. Katika breki, ambazo tangu mwanzo wa karne ya 20 ziliwekwa kitambaa cha asbesto kinachosugua chuma, J. R. Lynch aliripoti mwaka 1968 kwamba sehemu kubwa sana ya krisotili ilikuwa imegeuzwa na joto la msuguano, hivyo vumbi lililobaki lilikuwa na asbesto kidogo. Matokeo hayo yalitumiwa baadaye kutetea breki kupita yalivyostahili, kwani msuguano hauchomi kila uzi, na fundi anayechonga au kusugua breki mpya hushika nyuzi ambazo bado hazijaonana na moto.

Paa nazo zina hesabu yao. Ludwig Hatschek wa Austria aliivumbua saruji ya asbesto mwanzoni mwa karne ya 20, na mabamba yake ya mawimbi yalienea duniani, Kenya na Tanzania zikiwemo, katika shule, hospitali na nyumba za watumishi. Nyumba ya namna hiyo ikishika moto, maji yaliyomo kwenye saruji hugeuka mvuke kwa ghafla na bamba hupasuka kwa kishindo, vipande vikaruka mbali kabla joto halijakaa ndani yake muda wa kutosha kuigeuza krisotili. Kuzichoma paa hizo kwa makusudi ili kuziondoa, kama inavyofanyika mahali pengine na taka za kawaida, ni kupata hasara yote ya moto bila faida yake.

Faida hiyo inapatikana tu katika tanuri linalodhibitiwa. Huko Morcenx, kusini-magharibi mwa Ufaransa, taka za asbesto zimeyeyushwa kwa mwenge wa plazima, yaani gesi iliyopashwa kwa umeme hadi kuachana na elektroni zake, zikatoka zikiwa kioo cheusi kisicho na nyuzi. Nchini Italia, iliyopiga marufuku asbesto mwaka 1992, A. F. Gualtieri na mwenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba taka za asbesto zikichomwa kwenye joto la matanuri ya vigae, takriban digrii 1000 hadi 1250, huwa mali ghafi inayofaa kuchanganywa katika kauri. Katika saruji ya asbesto, chokaa ya saruji hushika magnesi na silika zinazoachiliwa, hivyo huzaliwa silikati za kalsiamu na magnesi ambazo krisotili tupu isingezizaa, na mabadiliko hukamilika vizuri zaidi. Kikwazo ni bei ya nishati: kufukia ni rahisi zaidi karibu kila nchi, na nchini Kenya miongozo ya mamlaka ya mazingira huelekeza mabamba yaliyong'olewa yafungwe na kufukiwa katika maeneo yaliyotengwa. Palipo na tanuri, kila fungu linalotoka lahitaji kupimwa kwa eksirei na hadubini ya elektroni kabla ya kuruhusiwa kuuzwa, maana kwa macho matupu uzi wa forsteraiti na uzi wa krisotili hazitofautiki.